Namna ya kugawa na kutamka maneno marefu ya Kiholanzi

Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiholanzi huja na mazoea mema ya kutamka kila silabi, lakini huja pia na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno ambatani, yaani yale yaliyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili au zaidi, mkazo huo ndio unaomfanya asieleweke. Ushauri ninaowapa wenzangu hapa Uholanzi, kila tunaposoma pamoja barua zao za kiofisi, ni kwamba wasianze na silabi, bali watafute kwanza maneno yaliyounganishwa.

Tazama neno verblijfsvergunning, yaani kibali cha ukaazi. Ndani yake mna verblijf (ukaazi) na vergunning (kibali), na ile s ya katikati ni kiungo kinachobaki upande wa kushoto. Ukishauona mpaka huo, silabi hujipanga zenyewe: ver-blijfs-ver-gun-ning. Mkazo mkuu hukaa katika neno la kwanza, tena palepale ulipokuwa kabla ya kuunganishwa, yaani kwenye blijfs, kwa kuwa kiambishi ver-, kama vile be- na ge-, hakibebi mkazo. Ulimi wetu hukimbilia gun, ambayo hustahili mkazo mdogo tu. Katika gemeentehuis, yaani ofisi ya manispaa, hali huwa mbaya zaidi, maana mazoea yetu hutupeleka kwenye te, silabi yenye irabu hafifu isiyoweza kukazwa kamwe, ilhali mkazo uko kwenye meen.

Wanaodhani haya ni mapambo ya lafudhi tu nawaomba walitazame neno massagebed. Ukikaza sa, umetaja kitanda cha kukandia mwili, massage na bed. Ukikaza mas, na g ikatamkwa kooni, umetaja sala ya umati, massa na gebed. Herufi ni zilezile, na silabi zimegawanyika vilevile.

Kwa mazoezi, tamka neno la kwanza peke yake hadi mkazo wake utulie, kisha ongeza la pili bila kupandisha sauti upya. Njia hii nimeiona ikiwafaa hata wazee waliokwisha kukata tamaa. Yapo maneno yasiyofuata kanuni, nayo hayana budi kukaririwa: stadhuis (ukumbi wa jiji) hukazwa kwenye huis, burgemeester (meya) kwenye mees, na majina ya Amsterdam na Rotterdam hukazwa mwishoni, kwenye dam.