Koti moja la bluu, suruali nyingi

SWALI: Nataka koti la bluu iliyokoza la kuvaa na jinzi na hata suruali ya kitambaa. Je, koti la suti yangu litafaa?

JIBU: Mara nyingi halifai. Kitambaa cha suti ni laini na kina mng'ao, hivyo ukilivalia jinzi linaonekana kama suti iliyokatwa nusu. Tafuta sufu ambayo ufumaji wake unaonekana, yenye mifuko iliyobandikwa kwa nje na vifungo vya kahawia. Vya dhahabu huvuta macho mno. Anza na mabega: mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukining'inia, liache koti hilo. Kiuno fundi atakipunguza kwa urahisi, lakini kurekebisha bega ni kufumua mkono wote. Shati lichungulie sentimita 1 mkononi. Suruali za kijivu na kaki zinapatana nalo vizuri. Bluu inayokaribiana nalo, hapana.