Poza tunda kabla hujalikata

Nilipoanza kuuza matunda ya kukata hapa Kirumba, Mwanza, niliamini friji ndiyo kila kitu. Alfajiri nilikuwa nakata matikiti yaliyolala barazani na joto lake, najaza vikontena, nafunika, naingiza kwenye baridi. Ikifika saa nane mchana, maji yametuama chini, tikiti limelegea, papai linanuka uchachu. Nikanunua friji nyingine. Hali ikawa ileile.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza mananasi ya Geita. Aliniambia, "Mwanangu, unafungia joto ndani ya kopo."

Alikuwa sahihi kabisa. Tunda likishakatwa hupumua haraka kuliko lilivyokuwa zima, na kila palipopita kisu panavuja. Ukilifunika likiwa na joto, jasho lake linabaki humo, na bakteria wanakuta unyevu na sukari tayari.

Siku hizi naosha matunda jioni, yakiwa mazima. Tikiti nalisugua hasa, maana limelala shambani na kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Maji ya bomba niliyoyachemsha, si ya ziwani jamani, hata kama ziwa liko hatua chache. Kisha matunda yanalala kwenye friji. Papai liwe limeiva kwanza, maana bichi likipigwa na baridi haliivi vizuri tena.

Asubuhi nakata baridi, narudisha baridini. Kisu kiwe kikali. Butu linaponda nyama ya tunda, nalo linatoa maji mengi zaidi. Na kisu kilichopasua sato kisiguse tunda, hata ukikiosha mara ngapi. Vipande navichuja kwanza ndipo navipanga. Tikiti na nanasi sichanganyi, kwa sababu tikiti hulowesha kila kitu. Embe na parachichi nanyunyizia ndimu zisigeuke rangi.

Nunua kipimajoto kidogo cha friji. Kisome nyuzi 4 au chini ya hapo. Angalia zaidi papai na tikiti: hazina ukali wa nanasi, kwa hiyo bakteria huzaliana humo upesi. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhimili kama saa 4. Kikontena kilichokaa mezani zaidi ya saa 2 sikirudishi ndani, wala simuuzii mtu, hata kama kinapendeza kwa macho.