Tochi haijui umri wa kioo

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Leicester, na nimeanza kukusanya vyombo vya kioo vya enzi ya Malkia Victoria. Mwezi uliopita nilinunua kwenye gulio la Jumapili chombo kidogo cha maua kwa pauni 85. Chini ni cha manjano, juu kinageuka waridi, na uso wake umefifia kama una ukungu. Muuzaji alikimulika kwa tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno), kikawaka kijani, akasema hiyo ni Burmese halisi, aina ya kioo cha kale, ya kiwanda cha Thomas Webb. Kitakoni kina alama ya Webb na kovu la fimbo ya fundi, pale chombo kilipovunjwa kutoka kwenye fimbo yake. Sasa kuna mtu mtandaoni anataka pauni 40 anitolee cheti kwa kuangalia picha. Nimlipe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimlipe.

Kazi yangu ni kutathmini vioo vya kale, na haipiti wiki bila mtu kuwasha tochi mbele yangu kabla hata hajakitoa chombo kwenye mfuko. Hata waliorithi taa za kioo kwa bibi zao Unguja na Mombasa huniandikia kwa namna hiyohiyo: "Inawaka kijani, ina miaka mingapi?" Tochi haina jibu la swali hilo. Ule ukijani mara nyingi unakuambia kwamba kwenye mchanganyiko mlitiwa urani, basi. Ukila pilau ukapata ladha ya iliki, unajua mpishi katia iliki. Hujui kama imepikwa leo au imelala tangu jana.

Mafundi wa Bohemia walikuwa wakitia urani kwenye kioo tangu miaka ya 1830. Marekani ilisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu serikali iliihitaji urani yote, kisha viwanda vikaendelea, na mpaka leo kioo cha urani kinatengenezwa. Isitoshe, kioo chenye madini ya manganizi nacho hutoa ukijani hafifu chini ya baadhi ya tochi hizo, na anayeanza hawezi kuutofautisha.

Burmese ndiyo inayowaponza watu zaidi. Frederick Shirley wa kiwanda cha Mount Washington, New Bedford, Massachusetts, aliipatia hataza mwaka 1885, na mwaka 1886 Thomas Webb & Sons wa Stourbridge wakapata leseni ya kuitengeneza Uingereza. Ndani yake mna urani na dhahabu kidogo. Chombo kinapofinyangwa huwa cha manjano kote. Fundi hukirudisha mdomo motoni, na pale joto linapokipiga, dhahabu inaleta waridi. Akirudia tena kwenye ukingo, ukingo unaweza kurejea manjano. Kwa hiyo rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na waridi linaingia kwenye manjano taratibu. Ukiona mstari mahali waridi linapoanzia, au rangi inabanduka kwa ukucha, hicho kimepakwa.

Lakini hata kikifaulu hapo bado hujapata mwaka. Kiwanda cha Fenton cha West Virginia kilianza kutengeneza Burmese mwaka 1970, kwa urani na dhahabu, na inawaka chini ya tochi kama ile ya Webb. Fenton walikuwa wanyoofu: vyombo vyao vingi walivikandamiza jina lao kitakoni. Wasio wanyoofu ni wanaolisaga jina hilo. Pitisha kidole kitakoni, kisha uangalie kwa lenzi inayokuza mara 10. Kiraka laini kuliko sehemu nyingine, au kibonde kisicho na sababu, kinatosha kukutia shaka. Murano nako walitoa nakala, na nyingi ni nene na nzito mkononi kuliko kazi ya Stourbridge.

Alama ya Webb? Vyombo vyao vingi vya Burmese vilitoka kiwandani bila alama yoyote, na vile vilivyowekwa vilichorwa kwa asidi. Leo dawa ya kuchora kioo inauzwa madukani, na mtu mwenye karatasi iliyotobolewa herufi anaimaliza kazi hiyo jioni moja. Gallé, fundi wa vioo wa Ufaransa, amefanyiwa hayo kwa wingi: nakala za Romania hutoka na neno "Tip" kando ya jina lake, kuonyesha kwamba ni mtindo tu, neno hilo linasagwa, jina linabaki, bei inapanda. Kovu la fimbo nalo si ushahidi, maana kila fundi anayepuliza kioo leo huliacha, asipolisugua.

Kinachosema kweli zaidi ni mikwaruzo ya kitakoni. Chombo kilichokaa mezani miaka zaidi ya 100 kina mikwaruzo midogo ya kila upande, mingine mirefu mingine mifupi, na iko tu pale kinapogusa meza. Msasa huacha mistari inayokwenda pamoja, na mara nyingi unaingia hata kwenye bonde ambalo meza haiwezi kulifikia.

Wanaoniudhi kuliko wote ni wanaochukua kioo cha zamani chenye manganizi, wakakipitisha kwenye mionzi mpaka kigeuke zambarau iliyokolea, wakakiuza kama kitu cha ajabu. Hapo chombo halali kimepotezewa rangi yake kwa ajili ya faida ya siku moja. Wenye vyeti vya picha wanafanana nao. Picha haina uzito wala haina kitako cha kugusa, na anayekutoza kwa hiyo anauza karatasi.

Leicester si mbali na Wordsley, ambako jumba la makumbusho ya vioo vya Stourbridge lilifunguliwa mwaka 2022, likielekeana na tanuru refu la matofali la Red House la karne ya 18. Nenda siku nzima. Tazama unene wa kingo na jinsi miguu ya vyombo ilivyounganishwa, kisha rudi nyumbani ukiangalie chako.

Ukiniandikia tena, nitumie picha tatu za kitako ukimulika kwa taa ya kawaida kutoka pembeni, urefu wake kwa sentimita na uzito wake kwa gramu. Picha ya tochi usijisumbue kuipiga.