Kabla hujalipia gari, uliza balbu inabadilishwaje

Jumamosi moja mwaka jana taa ya mbele ya kulia ilizima, nikasema hii kazi ya dakika 5, si balbu tu. Nilikuwa nimezoea Corolla 110 ya mzee wangu, unafungua boneti, unachomoa soketi, unabandua kile kikava cha mpira, unafyatua kawaya, balbu hiyo mkononi, unarudishia unaenda kunywa chai. Hii yangu ya sasa nafungua boneti nakuta nyuma ya taa wameweka betri, vidole vinaigusa soketi lakini havina pa kujikunja. Nikachubuka, nikaenda YouTube, jamaa anaanza kwa kushusha bampa. Bampa! Kwa balbu ya elfu nane!

Nikashusha. Zile klipu za plastiki zimepigwa jua la Dar miaka yote hiyo, ukizigusa zinakatika kama biskuti, nikavunja sita. Nilianza saa nne asubuhi nikamaliza saa kumi, na bampa tangu siku hiyo linacheka upande mmoja.

Na hiyo ni balbu tu jamani. Gia boksi haina kijiti cha kupimia, ili ujue oili imefika wapi inabidi gari ikae sawa juu ya lifti, injini inaunguruma, oili iwe kwenye joto fulani, ndo ufungue nati uone kama inadondoka. Breki ya mkono ni ya umeme, kwahiyo hata kubadilisha pedi za nyuma mpaka kompyuta iiambie mota irudi nyuma, ukilazimisha na klempu unaiua. Najua watasema injini imebanwa ili abiria wapate nafasi na gari inywe mafuta kidogo, sawa nakubali, ila kijiti cha oili kinakula nafasi gani aisee?

Sasa wewe unayetafuta gari, usiishie kukagua rangi na viti. Fungua boneti, ingiza mkono nyuma ya taa. Tafuta betri iko wapi, maana kuna gari iko chini ya kiti, na nyingine ukibadilisha betri lazima kompyuta ijulishwe. Angalia filta ya oili kama inafikika au mpaka ung'oe kava lote la chini. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kama ushanunua kama mimi, kitu cha kwanza nunua kale kakifaa ka kusomea makosa kanakochomekwa chini ya usukani kanaongea na simu. Ila kajaribu kwanza kwenye gari yako kabla hujalipa, maana gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani Japani hazielewani na vile vya kawaida. Kangu kalijilipa siku moja tu. Gari ilikuwa inamisi, taa ya injini inawaka, fundi mmoja kashaniambia mkuu hapa tubadilishe koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, na plagi zake. Nikasoma mwenyewe nikapata P0301, yaani silinda ya kwanza ndo haichomi. Nikahamisha koili ya kwanza nikaiweka ya pili, spana namba 10 tu, nikafuta kosa, nikazunguka mtaani, ikarudi P0302. Kosa limehama na koili, kwahiyo mgonjwa ni koili ile, nikanunua moja. Ingebaki P0301 ningehamia kwenye plagi, halafu nozeli inayopulizia mafuta.

Oili bado namwaga mwenyewe, ila sikuhizi nasoma kitabu kwanza, maana gari ya 0W-20, yaani oili nyepesi, ukiitia oili nzito ya zamani kwa mazoea unaionea. Wosha ya nati ya sampo, ile unayofungua chini kumwaga oili, weka mpya, ni hela ndogo. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni sekunde mbili, weka stendi.

Ya gia boksi na ile breki ya umeme mimi nimesalimu amri, napeleka kwa mwenye mashine, ila nasimama palepale naangalia.

Na ukishalishusha bampa badilisha balbu zote mbili, hata kama nyingine bado inawaka, maana zilianza kazi siku moja. Mimi niliona nabana elfu nane. Juzi ya kushoto imezima, nimeshanunua klipu kumi nasubiri Jumamosi.