Fundi Anajibu: Udongo unakula joto la bomba kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Tuko Arusha, sola ya maji moto iko juu ya nyumba kubwa, halafu bomba la chuma la robo tatu inchi limeenda mita 30 mpaka vyumba vya wageni, limefukiwa nusu mita, halijafungwa kitu. Asubuhi maji yanatoka baridi mpaka ndoo inakaribia kujaa. Tumeshauriwa tulishushe mpaka mita moja. Itasaidia? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Dada, kabla hamjashika sururu tupige hesabu. Chukua maji nyuzi 60, udongo nyuzi 20, tofauti ni 40. Zidisha kwa 6.28, zidisha tena kwa uwezo wa udongo kupitisha joto, ule wenye unyevu weka 1, halafu gawanya kwa ln (ipo kwenye kalkuleta ya simu) ya kina mara nne gawanya kwa kipenyo cha nje cha bomba. Kwenu inatoka kama wati 58 kila mita, bomba zima karibu wati 1,700, na mkishusha mpaka mita moja inabaki 50 kila mita, yaani jasho lote lile kwa wati 8 tu! Kinachobadilisha mambo ni maji ya udongoni, mchanga mkavu ungekula wati 17 hivi ila masika udongo ukilowa chepechepe inapanda mpaka 115.

Sasa mkilivalisha sponji ya mabomba unene wa milimita 25 inashuka mpaka wati 8 au 9 kila mita. Lakini iwe ile nyeusi isiyonywa maji, na juu yake pitisha bomba la plastiki, maana mi nilishafukua kwa mtu nikakuta limefungwa sponji ya godoro, nikaiminya mkononi yakatoka matope ya uvuguvugu, hapo ni sawa na hakuna kitu.

Ila niseme ukweli, hiyo ndoo ya asubuhi ni kitu kingine. Maji yakitembea lita 6 kwa dakika yanapoteza nyuzi 4 tu njiani, mgeni hata hajui, shida ni yale yaliyolala, bomba lenu linabeba lita 11 na bila sponji zinapoa ndani ya saa moja, na sponji itawasogeza masaa machache ila mpaka alfajiri yatakuwa yamepoa tu. Kwa hiyo mkifukua wekeni bomba la nusu inchi, lita zinabaki 6, au sola ndogo ikae hukohuko kwenye paa la wageni.