Siku 8 Japani: punguzeni miji, pasi ya treni muiache

Ndugu, umeuliza kama siku 8 zinatosha wewe na mkeo kuona Tokyo, Kyoto, Nara na Hiroshima, na kama mnunue pasi ya treni ya siku 7. Hiroshima iacheni. Tokyo siku 3, Kyoto 4, na moja kati ya hizo 4 mwende Nara mkarudi; siku inayobaki ni ya safari. Ni kama dakika 45 kwa treni.

Pasi msinunue. Oktoba 2023 ilipanda hadi yeni 50,000 kwa mtu, wakati tiketi ya Shinkansen (treni ya kasi) Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000. Mkiweza, shukieni kwa ndege Tokyo na muondokee Osaka, mji ulio karibu na Kyoto, msilipie safari ya kurudi. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti chenye nafasi ya mizigo, kilichowekwa mapema. Bila hivyo mtatozwa yeni 1,000.

Mahekalu ya Kyoto yanataka alfajiri. Kiyomizu-dera hufunguliwa saa 12 asubuhi. Kufika saa 4 kunauharibu uzuri wote, kwani ngazi zimeshajaa watu. Fushimi Inari halifungwi na ni bure: pandeni kupita milango myekundu ya mwanzo, watu hupungua kabisa. Vaeni viatu vya kuvua upesi na soksi zisizotoboka. Bebeni pesa taslimu.

La kuzingatia sana ni dawa. Baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na za kodeini (ya maumivu na kikohozi), zimepigwa marufuku au zina mipaka. Ulizeni ubalozi wa Japani na daktari wenu kabla ya kufunga mizigo.