Maswali ya Wasomaji: Kujiangusha na Kuvuta Faulo katika Mpira wa Kikapu

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu jambo moja: mchezaji wa kulipwa anayeanguka sakafuni kama aliyepigwa rungu, ilhali ameguswa kidogo tu au hakuguswa kabisa. Tumezifupisha bila kubadili hoja za waliotuandikia.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi na kaka yangu tumegombana. Yeye anasema mchezaji wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, anayepata mitupo huru kumi kila mechi ni mdanganyifu. Mimi nasema ni fundi. Nani ana haki?

JIBU: Idadi ya mitupo huru peke yake haiwezi kuwaamua. Katika msimu wa 2018-19, James Harden, wakati huo akiichezea Houston Rockets, alipata wastani wa pointi 36.1 kwa mechi, na katika msimu huo mzima alirusha mitupo huru 858 akafunga 754. Sehemu ya mitupo hiyo ilitokana na jambo ambalo hakuna mtu mwadilifu anayeweza kulilaumu, yaani mchezaji mwenye nguvu na kasi akielekea kikapuni huku walinzi wakimzuia kwa mikono kwa sababu miguu yao imeshachelewa. Sehemu nyingine ilitokana na mazoea ya kuupitisha mkono wake chini ya mkono wa mlinzi, kisha kuinuka ghafla ili mgusano uonekane umesababishwa na mlinzi. Mambo hayo mawili huandikwa kwa namna ileile katika karatasi ya takwimu, lakini si kitu kimoja.

Mimi huyatenganisha kwa maswali mawili. La kwanza ni hili: nani aliyekwenda kuutafuta mgusano? Mlinzi ana haki ya nafasi yake, inayoanzia sakafuni zilipo nyayo zake na kupanda wima hadi juu kama mcheduara. Mshambuliaji anapopiga chenga ya kujifanya anarusha, mlinzi akadanganyika, akaruka mbele na kumwangukia, mlinzi ndiye aliyetoka katika nafasi yake. Hiyo ni faulo halali, na aliyeivuta anastahili sifa kama yule aliyetoa pasi nzuri, kwa kuwa amemsoma mpinzani wake na kumshinda kwa akili. La pili ni hili: je, mwili unasema kweli kuhusu nguvu iliyotumika? Mtu aliyeguswa begani kwa vidole viwili hawezi kurushwa mita mbili nyuma. Hapo mchezaji hamshindi tena mlinzi, bali anamdanganya mwamuzi, na huyo mlinzi anaandikiwa faulo kwa kosa ambalo hakulitenda. Katika NBA faulo sita humtoa mchezaji mchezoni, kwa hiyo kila faulo ya uongo ni kipande cha mechi kilichoibwa kutoka kwa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo wewe na kaka yako mnapaswa kulitazama tukio moja moja, si jumla.

SWALI: Wazee hutuambia kwamba wachezaji wa zamani hawakuwa na mchezo huu wa kuigiza. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Katika miaka ya 1980 Bill Laimbeer wa Detroit Pistons alikwisha kujulikana kwa kuanguka kwa urahisi usiolingana na umbo lake, na katika miaka ya 1990 Vlade Divac, Mserbia aliyeingia NBA mwaka 1989, alikuwa mfano uliotajwa kila mahali. Namwelewa Divac kuliko wengi ninaowalaumu. Kazi yake ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal karibu na kikapu, na O'Neal alikuwa mtu ambaye akigeuka na bega lake, hata mlinzi mrefu wa zaidi ya mita mbili husogea atake asitake. Mara nyingi mgusano ulikuwa wa kweli kabisa. Kilichoongezwa ni mikono iliyorushwa hewani na kichwa kilichotupwa nyuma, ili mwamuzi asidai kwamba hakuona. Kuelewa si kukubali, lakini historia hiyo inaonyesha kwamba kujiangusha kulianza kama silaha ya aliyezidiwa nguvu kabla ya kugeuka kuwa desturi ya kila mtu, wakiwamo wenye nguvu kuliko wote.

Ligi ilichelewa sana kuchukua hatua. Ni katika msimu wa 2012-13 ndipo ofisi ya NBA ilipoanza kupitia picha za video baada ya mechi na kuwaadhibu waliojiangusha: onyo kwa kosa la kwanza, dola 5,000 kwa la pili, dola 10,000 kwa la tatu, na kuendelea. Reggie Evans wa Brooklyn Nets alikuwa wa kwanza kutozwa faini, Novemba 2012. Katika mechi za mtoano faini ilianzia kosa la kwanza, na mwezi Mei 2013 LeBron James, David West na Lance Stephenson walitozwa dola 5,000 kila mmoja kwa matukio ya mechi moja ya fainali ya Kanda ya Mashariki kati ya Miami Heat na Indiana Pacers. Msimu huo mshahara wa James ulizidi dola milioni 17. Sidhani kama ninahitaji kueleza faini hiyo ilimuuma kiasi gani. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba adhabu ilikuja kesho yake, wakati pointi zilizopatikana kwa udanganyifu zilibaki ubaoni.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika msimu wa 2023-24. Sasa mwamuzi anaweza kutoa faulo ya kiufundi papo hapo, na timu pinzani ikapewa mtupo huru mmoja. Halazimiki kuusimamisha mchezo unaoendelea. Anaweza kusubiri hadi pale ambapo kuusimamisha hakutamwonea yeyote. Faulo hiyo haihesabiki kuwa utovu wa nidhamu, kwa hiyo haimtoi mchezaji uwanjani hata akiipata mara mbili.

SWALI: Kuna wakati mshambuliaji wa pembeni alikuwa akirusha mguu mbele anapopiga mtupo wa pointi tatu, na mlinzi ndiye anaandikiwa faulo. Siku hizi siioni sana. Nini kilibadilika?

JIBU: Kilichobadilika ni tafsiri ya sheria kuanzia msimu wa 2021-22. Waamuzi walielekezwa kutompa faida mshambuliaji anayefanya mwendo usio wa kimchezo kwa lengo la kuvuta faulo: anayejirusha kuelekea kwa mlinzi kwa pembe isiyo ya kawaida, anayeacha njia yake ghafla na kwenda kando au kurudi nyuma ili agongwe, anayetupa mguu mbele au kando, na anayemnasa mlinzi kwa mkono usio na mpira. Mgusano ukiwa mdogo, mchezo unaendelea. Ukiwa mkubwa, faulo ni ya mshambuliaji. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua bora zaidi iliyochukuliwa katika suala hili lote, kwa sababu haikuhitaji kupima nia ya mtu. Iliyataja maumbo ya mwili yanayoonekana, na umbo mwamuzi anaweza kuliona.

Naomba lakini tusisahau kwamba mrushaji anahitaji kulindwa kikweli. Mwezi Mei 2017, katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Magharibi, Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs alitua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State Warriors aliyemsogelea mno, akaumia kifundo cha mguu na kutoka. Spurs walikuwa wakiongoza kwa pointi 23. Walipoteza mechi hiyo 113 kwa 111. Kuanzia msimu uliofuata, mlinzi anayeingiza mguu wake kizembe mahali anapotua mrushaji anaweza kupewa adhabu nzito kuliko faulo ya kawaida. Sheria hiyo ni ya haki. Waliokuwa wakirusha miguu waliitumia vibaya huruma ambayo Leonard na wenzake walioumia walistahili.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Ninajifunza uamuzi na nimeanza kuchezesha vijana. Wengi wao huiga wanayoyaona kwenye runinga. Nitazame nini ili nisidanganywe?

JIBU: Marahaba. Tazama nafasi iliyo kati ya wachezaji wawili kabla hawajakutana, si uso wa anayeanguka. Mwamuzi anayefuata mpira kwa macho huliona tukio likiwa limekwisha kutokea, na anachobaki nacho ni mtu aliyelala sakafuni na sauti ya maumivu. Hapo hana cha kuhukumu ila uigizaji wenyewe.

Kisha linganisha wakati na mwelekeo. Mwili uliosukumwa husogea kuanzia mahali ulipoguswa: kifua kikisukumwa, kiwiliwili hutangulia na kichwa hubaki nyuma kidogo kabla ya kufuata. Anayeigiza huanza na kichwa, mara nyingi kabla kifua hakijaguswa, na mikono hufunguka kama mabawa. Anayesukumwa kutoka kushoto huenda kulia. Ukimwona anaanguka nyuma moja kwa moja, kuna jambo. Anayeanguka kikweli hutafuta sakafu kwa mikono ili ajikinge, ilhali mwigizaji mwenye mazoezi hukaa chini kwa makalio, akateleza, na macho yake tayari yanakutafuta wewe.

Usimdai mlinzi asimame kama mti. Hilo ni kosa la waamuzi wengi wanaoanza. Akishamkabili mshambuliaji kihalali, ana ruhusa ya kusogea kando au kurudi nyuma, na hata kugeuka ili kujikinga na kishindo. Kadhalika, usidhani kwamba anayeanguka lazima awe amedanganya: mtu aliye kwenye kasi huhitaji kuguswa kidogo sana ili apoteze mizani. Unapoona wazi kwamba ni uigizaji, kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinakuelekeza utoe onyo kwanza, na kosa likirudiwa utoe faulo ya kiufundi. Litoe onyo hilo mapema, kwa sauti ambayo kocha naye ataisikia.

SWALI: Je, kocha wa NBA anaweza kupinga uamuzi kwamba mchezaji wake amejiangusha?

JIBU: Hawezi. Haki ya kocha kuomba marudio ya video ilianza msimu wa 2019-20, lakini uamuzi wa kujiangusha haumo. Hata hivyo, waamuzi wakitazama video kwa sababu nyingine wakagundua kwamba mtu alijiangusha, wanaweza kumwadhibu papo hapo.

SWALI: Kama adhabu sasa ipo, kwa nini bado wanaendelea?

JIBU: Kwa sababu hesabu bado inawaruhusu. Timu ya NBA siku hizi hupata wastani wa pointi kama 1.15 kila inapomiliki mpira. Mrushaji wa kawaida hufunga takriban asilimia 78 ya mitupo huru, kwa hiyo mitupo miwili humpa pointi 1.56. Faida ya kumdanganya mwamuzi ni kama pointi 0.4, mbali na faulo anayoandikiwa mpinzani. Akikamatwa, mpinzani humpeleka mrushaji wake bora kwa mtupo mmoja, wenye thamani ya pointi kama 0.9. Kwa mshambuliaji, basi, udanganyifu unalipa pale tu anapofaulu zaidi ya mara mbili kwa kila mara moja anayonaswa. Yeyote anayeufuatilia mchezo huu anajua kwamba hawanaswi mara nyingi kiasi hicho.

Mlinzi anayejiangusha hupata zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. Akimshawishi mwamuzi kwamba amegongwa isivyo halali, wapinzani hupoteza umiliki mzima, yaani pointi 1.15 zote, wakati yeye akikamatwa hulipa mtupo uleule mmoja. Lawama za watazamaji huwaangukia warushaji kwa kuwa ndio maarufu, lakini adhabu ya sasa inamdekeza mlinzi kuliko wao. Ningeifanya iwe mitupo miwili kwa mlinzi.

SWALI: Baadhi ya wachambuzi wanataka faulo ya ushambuliaji inayotokana na mlinzi kusimama njiani ifutwe kabisa. Wewe unaonaje?

JIBU: Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, hasa tangu tarehe 16 Aprili 2023. Siku hiyo moja, katika mechi mbili tofauti za mtoano, Giannis Antetokounmpo aliumia mgongo baada ya kugongana na Kevin Love aliyejitupa njiani, na Ja Morant akaumia mkono kwa kuanguka baada ya kukutana na Anthony Davis aliyesimama kumsubiri. Mtu aliyekwisha kuruka hana tena uwezo wa kubadili njia, na anayejipenyeza chini yake wakati huo anacheza na afya ya huyo aliyeruka.

Hata hivyo siungi mkono kuifuta. Tukiifuta, mwenye nguvu atapewa ruhusa ya kuwabomoa walinzi kwa bega, na waliozidiwa watabaki bila njia yoyote halali ya kusimama mbele yake. Sheria tayari ina chombo cha kutumia: nusu duara iliyochorwa chini ya kikapu, ambayo NBA iliianzisha msimu wa 1997-98 na FIBA mwaka 2010, na ambamo mlinzi anayekuja kusaidia hawezi kuvuta faulo ya aina hii. Katika NBA ina nusu kipenyo cha futi 4, yaani takriban mita 1.2. Wachezaji wa leo huruka kutoka mbali kuliko hapo. Ningeisogeza hadi futi 6, na ningedai mlinzi anayekuja kusaidia awe amefika mahali pake kabla mshambuliaji hajaushika mpira kwa mikono miwili kuanza hatua zake za mwisho, badala ya kabla hajaanza kuuinua mpira ili kurusha au kutoa pasi. Mlinzi aliyeona mapema atabaki na haki yake yote, na aliyechelewa atalazimika kuinua mikono juu na kujaribu kuuzuia mpira wenyewe.